Ushuru Uliofutwa na Mama Asiyeambiwa: Somo Kuhusu Biashara ya Mpakani

Alfajiri ya siku ya soko, mpaka wa Busia hujaa watu kabla jua halijachomoza. Wanawake hupita na vikapu vya ndizi, trei za mayai, mifuko ya omena na magunia ya maharagwe na njugu. Wengine hubebewa mizigo na watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu, ambao wamefanya kazi hiyo mpakani kwa miaka mingi. Wengine hawafiki kabisa kwenye ofisi za forodha. Hukata kona kabla ya kizuizi na kufuata njia za panya.

Mama anayepita njia ya panya mara nyingi anakimbia ushuru ambao kwa bidhaa zake ulishafutwa. Viongozi wa nchi waliuondoa kwa mkataba, lakini yeye hajaambiwa. Kwa hiyo hulipa kwa namna nyingine: kwa hongo, kwa gunia lililonyang'anywa, na wakati mwingine kwa kudhalilishwa kimwili mahali pasipo na shahidi.

Somo hili linaeleza jinsi maamuzi ya biashara ya kimataifa yanavyomfikia, au yanavyokosa kumfikia, mwanamke mwenye mtaji mdogo. Mwisho wa somo, msomaji ataweza kueleza mikataba inasema nini, kupiga hesabu ya mzigo mdogo, kutofautisha aina za ushuru, na kujua pa kupeleka malalamiko. Vikundi vya akina mama vinaweza kulisoma pamoja na kujadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Mikataba inasema nini

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Vifungu vya 121 na 122 vinazungumzia nafasi ya wanawake katika maendeleo na katika biashara. Nchi wanachama ziliahidi kuondoa sheria na desturi zinazowabagua wanawake, na kuwainua wanawake wanaofanya biashara.

Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005. Ulileta mambo mawili. Kwanza, bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja zinapoingia katika nchi yoyote mwanachama. Pili, bidhaa zilizolimwa, kufugwa, kuvuliwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya kwa kufuata masharti yaliyokubaliwa hazitozwi ushuru wa forodha zinapovuka kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Tangu Julai 2010 kuna pia Soko la Pamoja, linalohusu watu kusafiri, kufanya kazi na kutoa huduma. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa.

Nje ya Jumuiya, Kenya ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO). Makubaliano ya shirika hilo ya kurahisisha biashara yalianza kutumika Februari 2017. Yanazitaka nchi kutangaza wazi kanuni, ada na taratibu za mipakani ili mfanyabiashara azijue kabla ya kufika. Barani Afrika, Kenya na Ghana zilikuwa za kwanza kuwasilisha hati za kuridhia Eneo Huru la Biashara, mwaka 2018. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walipitisha itifaki ya eneo hilo inayohusu wanawake na vijana katika biashara.

Wanawake pia wamefika kwenye viti vya juu. Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria alianza kuliongoza Shirika la Biashara Duniani mwezi Machi 2021, akiwa mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 2024 Veronica Nduva wa Kenya aliapishwa kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwanamke wa kwanza katika ofisi hiyo.

Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo, mkataba hautembei wenyewe kutoka Arusha hadi Busia. Hufika ikiwa kuna afisa anayeutekeleza, tangazo linaloeleweka, na mfanyabiashara anayeujua.

2. Mfumo Rahisi wa Biashara

Umoja wa Forodha ulipoanza, kulikuwa na tatizo. Ili kuthibitisha kwamba bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, mfanyabiashara alihitaji cheti cha asili ya bidhaa, fomu za forodha na mara nyingi wakala wa forodha wa kumlipa. Kampuni yenye malori haikuona shida. Mama mwenye magunia matatu angetumia faida yote kwa makaratasi.

Ndipo Jumuiya ikaweka Mfumo Rahisi wa Biashara kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Mambo makuu ya mfumo huo ni haya:

- Thamani ya mzigo isizidi dola 2,000 za Marekani. Dola moja ikihesabiwa kwa Sh130, hiyo ni kama Sh260,000.
- Bidhaa iwe imetoka katika nchi mwanachama na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Nafaka, maharagwe, matunda, mboga, samaki na mayai ni mifano ya bidhaa ambazo wafanyabiashara wadogo huvusha.
- Afisa wa forodha hutoa Cheti Rahisi cha Asili ya Bidhaa papo hapo mpakani. Cheti hicho hutolewa bure.
- Mfanyabiashara hahitaji kukodi wakala wa forodha.

Ni muhimu pia kujua kile ambacho mfumo huu hauondoi. Hauondoi ukaguzi wa afya. Mazao ya shambani yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yanakotoka, na mazao ya mifugo yana masharti yake. Haufuti kodi nyingine za ndani pale zinapotakiwa kisheria. Wala hauhusu bidhaa zilizotoka nje ya Jumuiya. Mama anayenunua mitumba upande mmoja wa mpaka na kuivusha upande wa pili hawezi kuomba msamaha huu, kwa sababu nguo hizo hazikutengenezwa Afrika Mashariki, hata kama amezinunua hapa.

Busia ina pia Kituo cha Pamoja cha Mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018. Zamani msafiri alisimama kwanza upande wa nchi anayotoka, kisha akasimama tena upande wa nchi anayoingia. Sasa maafisa wa nchi zote mbili huketi pamoja. Anayetoka Uganda kuja Kenya hushughulikiwa upande wa Kenya, na anayekwenda Uganda hushughulikiwa upande wa Uganda.

3. Hesabu ya magunia matano

Hesabu ifuatayo ni ya kufundishia. Bei na ada halisi hubadilika, na kila kikundi kinaweza kuweka zake.

Mama mmoja amenunua Uganda magunia 5 ya maharagwe, kila gunia kwa Sh8,000. Mtaji wake ni Sh40,000, yaani kama dola 308. Yuko mbali sana na kikomo cha dola 2,000.

Akipita njia ya panya, analipa vijana wa kubeba Sh200 kwa kila gunia, jumla Sh1,000. Njiani anatoa "kitu kidogo" mara mbili, Sh500 kila mara, jumla Sh1,000. Gharama yake ni Sh2,000, bila risiti.

Akipita kituoni, cheti cha asili ya bidhaa ni bure. Analipa mkokoteni Sh100 kwa gunia, jumla Sh500. Ada ya cheti cha afya ya mimea iwekwe Sh700. Gharama yake ni Sh1,200, na ana makaratasi mkononi.

Tofauti ni Sh800 kwa safari moja. Akisafiri mara 8 kwa mwezi, ni Sh6,400. Kwa miezi miwili tu ameokoa Sh12,800, bei ya gunia moja na nusu na zaidi. Upande wa pili, gunia moja likinyang'anywa njiani, anapoteza Sh8,000. Hiyo ni sawa na akiba yote ya safari 10.

Hesabu hii ina funzo jingine. Ada ya cheti cha afya ikiwa ile ile kwa mzigo mdogo na mkubwa, mama mwenye gunia moja analipa Sh700 kwa gunia lake, huku mwenye magunia 5 akilipa Sh140 kwa kila gunia. Hapo njia halali inaweza kuwa ghali kuliko ya panya, na kumwambia mama huyo afuate sheria bila kumtafutia njia ni kumpa maneno matupu.

Dawa moja ni kuungana. Akina mama 6, kila mmoja na mzigo wa Sh40,000, wana jumla ya Sh240,000. Bado wako chini ya Sh260,000. Wakiongeza wa saba, jumla inakuwa Sh280,000 na mzigo wa pamoja umevuka kikomo. Bidhaa zao hazitapoteza msamaha wa ushuru kwa kuwa zimetoka ndani ya Jumuiya, lakini watatakiwa kufuata utaratibu wa kawaida wenye makaratasi mengi na wakala. Kwa hiyo kikundi kipange mizigo yake kabla ya kufika mpakani, na kiulize dawati la taarifa za biashara jinsi mizigo ya pamoja inavyoandikwa.

4. Kwa nini njia ya panya bado inapitwa

Si haki kusema kwamba akina mama hupenda kuvunja sheria. Sababu zao zinajulikana, na kila moja inahitaji jibu lake.

Ya kwanza ni kutojua. Kanuni nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Mama anayezungumza Kiswahili, Kiteso, Kiluhya au Kijaluo hubaki kutegemea maneno ya madalali, na dalali hana faida akimwambia kwamba cheti ni bure.

Ya pili ni muda. Mwanamke huyo huyo anayefanya biashara ndiye anayetarajiwa kupika, kuchota maji na kulea. Foleni ya saa mbili kituoni inaweza kumaanisha mtoto mchanga bila kunyonya, au nyanya kuoza kabla ya kufika sokoni.

Ya tatu ni hofu. Anayewahi kufokewa, kushikwashikwa au kuombwa hongo na mtu mwenye sare huona afadhali achukue njia nyingine. Lakini njia hiyo nyingine ndiyo hatari zaidi. Kituoni kuna maafisa wengi, mashahidi na kitabu cha malalamiko. Vichakani hakuna hata kimoja, na anayemdhulumu anajua kwamba mama ataogopa kuripoti kwa kuwa naye alikuwa amevuka bila kibali.

Ya nne ni mtaji. Mwenye hati ya shamba hupata mkopo mkubwa na kununua kwa jumla. Wanawake wengi hulima ardhi iliyoandikwa jina la mume, baba mkwe au shemeji. Kifungu cha 60 cha Katiba ya Kenya kinataka kukomeshwa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila zinazohusu ardhi, lakini mabadiliko ya hati huenda polepole. Mikopo ya chama na ya Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 2007, husaidia kuziba pengo hilo.

5. Uamuzi unapotoka juu

Matukio mawili ya miaka ya karibuni yanaonyesha jinsi uamuzi mmoja wa serikali unavyoweza kumgusa mwanamke mwenye kikapu kwa namna isiyomgusa mwenye lori.

Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kuendelea. Kwenye karatasi, biashara haikusimama. Lakini mama anayebeba mzigo wake mwenyewe alihesabiwa kuwa msafiri, si shehena. Lori lilipita, naye akabaki. Hakuna aliyeandika sheria ya kuwazuia wanawake, lakini wao ndio waliozuiwa, kwa kuwa hakuna aliyewafikiria wakati sheria inaandikwa.

Machi 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha kwa ghafla uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha asili pamoja na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila bilioni.

Sumukuvu si jambo la mzaha. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Serikali ina wajibu wa kulinda walaji. Swali la utawala bora ni jingine: je, mfanyabiashara mdogo alipewa taarifa mapema, na je, ana mahali pa karibu pa kupima gunia lake kwa bei anayoimudu? Mwenye malori 10 hugawanya gharama ya kupima kwa magunia mengi. Mwenye magunia 5 hawezi. Kiwango cha afya ni kimoja kwa wote, lakini bila huduma ya kupima kiwango hicho hugeuka ukuta mbele ya mdogo.

Mpaka si mahali pekee pa kushinda sumukuvu. Akina mama wanaweza kupunguza hatari kwa kununua mahindi yaliyokaushwa vizuri, kuyaweka juu ya mbao badala ya sakafuni, na kuondoa punje zilizooza au zenye ukungu.

6. Neno moja, ushuru wa namna nyingi

Sokoni kila malipo huitwa ushuru. Mkanganyiko huu humgharimu mfanyabiashara, maana hajui alalamike wapi.

Ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa ni mamlaka ya serikali ya kitaifa peke yake, kwa mujibu wa Kifungu cha 209 cha Katiba. Hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru (KRA). Biashara ya kimataifa na uhamiaji pia ni kazi ya serikali ya kitaifa.

Ada ya soko, leseni za biashara na maegesho ni za serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuendeleza na kusimamia biashara, pamoja na masoko na vyama vya ushirika. Kifungu hicho hicho cha 209 kinasema kwamba kaunti isitumie uwezo wake wa kutoza kwa namna itakayodhuru sera ya uchumi wa taifa, biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini.

Malipo ya namna ya tatu hayana sheria wala risiti. Hayo si ushuru. Ni hongo.

Kwa hiyo kaunti haiwezi kufuta ushuru wa forodha. Lakini inaweza kufanya faida ya mikataba ifike au ipotelee sokoni. Mama aliyevuka mpaka bila ushuru akakuta soko lisilo na vyoo, taa wala mahali pa kuacha mtoto, au akatozwa ada ya soko mara mbili kwa mzigo mmoja, amepokonywa kwa mkono wa kushoto alichopewa kwa mkono wa kulia. Ada hizo huwekwa kila mwaka kupitia sheria ya fedha ya kaunti, na Katiba inalitaka bunge la kaunti kushirikisha wananchi. Mkutano wa maoni ukifanyika bila wauzaji wa soko, ada zitapangwa na wasiouza chochote.

7. Akidhulumiwa, afanye nini

- Aombe risiti kwa kila malipo, awe mpakani au sokoni.
- Aulize kwa upole lakini wazi: "Afande, ada hii inaitwaje na inatozwa kwa sheria gani?" Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa, na Kifungu cha 47 kinampa haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za umma.
- Aandike tarehe, saa, mahali na namba ya afisa akiiona. Asiyejua kuandika amwombe katibu wa kikundi.
- Malalamiko ya hongo yapelekwe Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Malalamiko ya kucheleweshwa au kunyanyaswa na ofisi ya umma yapelekwe Tume ya Haki ya Utawala.
- Dhuluma ya kimapenzi ni kosa la jinai, hata kama aliyedhulumiwa alipita njia ya panya. Aende hospitali haraka, ikiwezekana ndani ya saa 72, kabla ya kuoga au kufua nguo, na aripoti kwa polisi. Kosa la kuvuka bila kibali halimpi mtu yeyote ruhusa ya kumdhuru.

Mambo ya kukumbuka

Bidhaa za Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Mzigo usiozidi dola 2,000 una utaratibu rahisi, na cheti chake ni bure. Ukaguzi wa afya unabaki. Ada ya soko ni ya kaunti, na mwananchi ana sauti katika kuipanga. Malipo bila risiti si ushuru.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kila mwanachama ataje bidhaa anazovusha. Zipi zimetoka ndani ya Jumuiya, na zipi hazistahili msamaha?
2. Kikundi kipige upya hesabu ya magunia matano kwa bei halisi za mwezi huu. Njia ipi ni nafuu, na kwa nini?
3. Akina mama wangapi katika kikundi wanaweza kuunganisha mizigo yao bila kuvuka kikomo?
4. Ni ada gani ya soko ambayo kikundi kingependa ibadilishwe, na nani atakwenda kuisemea katika mkutano wa maoni kuhusu mswada wa fedha?
5. Ni mama yupi jirani ambaye bado hajui kwamba cheti ni bure? Nani atamwambia kabla ya siku ya soko ijayo?